Mahindi ya Chumbani kwa Bibi Ketrina

Kila Jumamosi asubuhi Ferista alikuwa na kazi tatu kabla ya chai. Alifagia uwanja, alichota maji kisimani, kisha alimshikia bibi yake gunia wakati wa kupima debe la mahindi ya kupeleka mashineni. Kazi hiyo ya tatu ilifanyika chumbani kwa bibi, kwa sababu huko ndiko mahindi yalikolala.

Zamani hayakulala huko. Nyuma ya nyumba yao, pembezoni mwa mji wa Mlowo, kulikuwa na kihenge kizuri kilichosukwa na marehemu babu. Lakini miaka miwili iliyopita wezi walikitoboa upande wa nyuma, mahindi yakamiminika kwenye magunia yao kama maji, na asubuhi familia ikakuta kihenge kimesimama wima kikiwa kitupu. Tangu siku hiyo Bibi Ketrina alihamishia mavuno yote chumbani kwake. Aliyapanga magunia ukutani hadi karibu na dari, akageuza kitanda kikayatazama.

"Mwizi akiyataka, itambidi aniamshe aniombe nisogee," alizoea kusema.

Ferista alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la sita. Aliishi na bibi yake pamoja na mdogo wake Anyosisye, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu. Mama yao alifanya biashara ya vitenge Tunduma na alirudi nyumbani kila Jumapili. Mjomba Yonasi, kaka wa mama, alikuwa na chumba chake uani na aliendesha bodaboda.

Jumamosi hiyo, mwezi wa tisa mwaka 2015, bibi alishika pembe za gunia la kwanza akalivuta. Gunia likaja upesi mno, nusura aanguke nalo.

"Mbona jepesi?" aliuliza.

Alifungua mdomo wa gunia akaingiza mkono. Alipoutoa, ulikuwa mweupe hadi kwenye kiwiko. Badala ya punje, vidole vyake vilichota vumbi, na ndani ya vumbi hilo vilitembea vijidudu vidogo vyeusi, visivyozidi ukubwa wa punje ya ulezi.

"Dumuzi," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jina la marehemu.

Walifungua gunia la pili. Vumbi. La tatu nalo lilikuwa limeanza. Ferista alisimama katikati ya chumba ameshika debe tupu. Mavuno mengine yangekuja mwezi wa sita mwaka unaofuata. Alianza kuhesabu miezi kwa vidole, na vidole vya mkono mmoja havikutosha.

"Bibi, tutakula nini mpaka mwezi wa sita?"

"Ndiyo maana wadudu hawa inabidi wafe wiki hii," alisema bibi. "Iko wapi ile simu ya mama yako?"

Simu hiyo mama aliiacha nyumbani ili aweze kuwapata kwa urahisi, na mtunzaji wake alikuwa Ferista. Wiki mbili nyuma mama alikuwa amemwomba mfanyabiashara mmoja wa mazao wa Tunduma, Bi Mwanaisha, awaunganishe kwenye kundi la WhatsApp aliloliongoza. Kundi liliitwa Wakulima Tujuzane. Lilikuwa na watu zaidi ya themanini, wa Mlowo, Vwawa, Tunduma na hata Mkwajuni, na kila siku walizungumza mbolea, mbegu na bei. Ferista alikuwa anasoma tu. Alikuwa hajawahi kuandika neno.

"Waulize dawa," alisema bibi. "Ila sikiliza vizuri. Usiwaambie tuna magunia mangapi. Usiseme yako wapi. Hao watu hatuwajui. Chakula cha nyumba hakitangazwi barabarani."

"Sasa niseme nini, Bibi?"

"Sema dumuzi. Dumuzi wanajulikana nchi nzima."

Ferista aliketi kizingitini akaandika: Naomba dawa ya dumuzi. Akatuma.

Hazikupita dakika mbili majibu yakaanza kuingia. Wa kwanza alikuwa mtu aliyejiita Fanueli wa Vwawa.

"Mgeni huingia bila hodi? Salamu umeiacha wapi?"

"Dumuzi wanaumwa nini mpaka uwaombee dawa?" aliandika mwingine.

"Wapeleke zahanati," aliongeza wa tatu, na chini yake zikafuata nyuso za kucheka hadi machozi, safu nzima.

Masikio ya Ferista yalipata moto. Darasani yeye ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza, na mwalimu hakuwahi kumcheka. Hapa alikuwa amesema maneno manne tu, na watu asiowajua walikuwa wanamtandikia kicheko kama mkeka. Akaandika haraka, "Samahani, shikamooni. Dumuzi wanamaliza mahindi."

Hapo akaingia mtu mwingine, Bashiri, ambaye wengi kwenye kundi walimwita Tajiri wa Ghala.

"Acheni utani, mtu ana shida," aliandika. "Mimi Tunduma kila mwaka natumia vidonge vya kufukiza. Weka katikati ya magunia, funika turubai, ziba milango na madirisha vizuri. Baada ya siku kumi hutamwona dumuzi hata wa kusimuliwa."

Ferista alihema kwa faraja. "Asante. Vinapatikana wapi?"

"Ameanza," aliandika Fanueli. "Mgeni huyu atauliza mpaka turubai linafunikwaje."

Zile nyuso zikarudi. Ferista alikuwa ameshaandika nusu ya swali lingine: Na kama mahindi yako mahali watu wanapo... Alilitazama. Alikumbuka onyo la bibi, kisha akaitazama ile safu ya vicheko. Akalifuta herufi moja baada ya nyingine mpaka likaisha.

Mjomba Yonasi alifika kunywa chai akakuta habari iko mezani.

"Wataalamu wamesema vidonge?" aliuliza huku akimenya kiazi. "Basi limekwisha hilo. Leo hii hii dumuzi wanahama."

Alirudi kabla ya saa nne na kifurushi kidogo kilichofungwa kwa karatasi ya daftari. Alikuwa amevinunua mnadani kwa mtu aliyekaa kwenye kigoda, mwenye sumu za panya na dawa za kunguni. Mtu huyo alifungua kopo kubwa la bati akamhesabia vidonge kiganjani.

"Kopo lenyewe halina maelezo, Mjomba?" aliuliza Ferista.

"Lina maandishi ya Kizungu mengi kuliko gazeti."

"Yanasemaje?"

"Mpwa wangu, mimi nilikwenda kununua dawa, sikwenda kusoma."

Waliviweka vidonge katikati ya magunia kama walivyoelekezwa, wakafunika kwa turubai la mjomba la kuanikia kahawa. Dirisha dogo la mbao walilifunga, na nyufa zake wakazisokomeza matambara. Bibi alisimama mlangoni akiwa amembeba Anyosisye mgongoni, akatazama chumba chake kilivyobadilika.

"Na mimi nitalala wapi?"

"Hapo hapo kitandani kwako, Mama," alisema Yonasi akijipangusa mikono. "Hii ni dawa ya wadudu. Kwani wewe ni mdudu?"

Bibi alicheka mpaka kitenge kikamlegea. Ferista naye alicheka. Yonasi akawasha pikipiki, akaenda kutafuta abiria.

Simu ilikuwa imeishiwa chaji. Umeme ulikuwa haujafika mtaa wao, kwa hiyo Ferista aliipeleka kwenye kibanda cha kuchajia karibu na stendi, kisha akateremka mtoni na beseni la sare za shule na nguo za kwaya. Alifua, akaanika juu ya nyasi, akapiga soga na wenzake hadi nguo zikakauka. Saa nane mchana alipanda tena kuichukua simu.

Aliiwasha akiwa bado amesimama mbele ya kibanda. Ikatetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena, mfululizo, kama kitu chenye homa. Kulikuwa na taarifa kwamba namba moja imempigia mara sita. Ilikuwa namba ya Bi Mwanaisha, kiongozi wa kundi. Chini yake kulikuwa na ujumbe wake.

Wa kwanza ulitumwa saa tano kasoro. "Mwenye swali la dumuzi, karibu kwenye kundi. Nilikuwa sokoni, ndiyo kwanza nasoma. Kabla hujanunua chochote niambie: mahindi yako ghalani au ndani ya nyumba? Kuna mtu analala humo?"

Wa pili ulitumwa saa tano na robo. "Nijibu tafadhali. Vidonge alivyokutajia Bashiri vinatoa hewa ya sumu. Ni vya ghala lisilokaa mtu. Hewa ile inaua dumuzi, panya, mbuzi na binadamu."

Wa tatu ulikuwa wa saa sita. "Kama mmeshaweka, toeni watu wote nje sasa hivi. Msirudi ndani."

Ferista alisoma neno binadamu mara mbili. Macho yalilisoma, ila kichwa kilikataa kulipokea. Mwenye kibanda alimwona ameganda.

"Wee binti, kuna msiba?"

Beseni la nguo lilibaki pale pale chini, Ferista akawa tayari ameshakata kona ya mashine ya kusaga.

Njia nzima alijiambia kwamba bibi hawezi kuwa ndani. Mchana bibi hukaa jikoni. Mchana bibi huchambua maharage uwanjani. Lakini alipofika, uwanjani kulikuwa na ungo wa maharage peke yake, na kuku wawili walikuwa wanayadonoa pasipo mtu wa kuwafukuza. Upepo wa kiangazi ulikuwa ukivuma vumbi, na upepo wa namna hiyo sikuzote ulimwamshia bibi maumivu ya goti, akaingia kujilaza. Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa.

"Bibi!"

Hakuna aliyeitika. Ferista alisukuma mlango. Harufu ilimpiga usoni, harufu kali kama ya vitunguu saumu vilivyochanganyika na samaki aliyeoza. Bibi alikuwa amelala chali kitandani. Anyosisye alikuwa pembeni yake, amejitapikia kifuani, macho nusu wazi.

Ferista alibana pumzi, akamkwapua mdogo wake, akakimbia naye hadi kwenye kamba ya kuanikia nguo akamlaza chini. Akarudi. Alimshika bibi mikono yote miwili akamvuta.

"Bibi, amka. Bibi, tunatoka."

"Kichwa," alinong'ona bibi. "Kinanigonga. Niache nilale."

"Huwezi kulala humu."

Bibi Ketrina alikuwa mwanamke mzito, na Ferista hakujua baadaye nguvu alizitoa wapi. Alimburuta hadi kizingitini. Hapo jirani yao, Mama Fides, aliyekuwa amesikia kelele, akamshika upande wa pili, wakamtoa nje wakamlaza kwenye upepo. Mama Fides akageuka kutaka kuingia ndani kufungua dirisha.

"Usiingie, Mama," alisema Ferista akimshika kanga. "Wamesema tusirudi ndani. Kuna hewa inayoua."

Mama Fides alimtazama kana kwamba mtoto amerukwa na akili, kisha akatazama midomo ya Anyosisye iliyobadilika rangi, akaufunga mlango polepole akarudi nyuma.

Jirani aliyekuwa akipakia viazi kwenye pikapu alishusha magunia mawili, wagonjwa wakapata nafasi. Ferista alimpigia mjomba wakiwa njiani. Yonasi alifika kituo cha afya kabla yao, amesimama mlangoni na kofia ngumu mkononi.

Tabibu aliyewapokea hakukimbilia sindano. Aliuliza. Vidonge gani? Vinafananaje? Viliwekwa saa ngapi, vingapi? Chumba kina ukubwa gani, dirisha lilikuwa wazi au limezibwa? Wameingia kulala saa ngapi? Nani alitapika kwanza? Ferista alijibu kila swali, hata lile la matambara kwenye nyufa, huku machozi yakimtiririka. Yonasi alitaja idadi ya vidonge kwa sauti iliyokauka.

"Vizuri," alisema tabibu. "Sasa najua nashughulika na nini. Mngeniambia tu kwamba wanatapika, ningeanza na chakula kibovu, na tungepoteza muda ambao hatuna."

Wagonjwa wakaingizwa ndani, wakawekewa hewa ya kupumulia na maji ya mishipani. Ferista na mjomba wake walibaki kwenye benchi la nje. Yonasi, mtu ambaye hata msibani hukosi kumsikia akitania, alikuwa anakigeuza kile kifuniko cha kioo cha kofia yake, juu, chini, juu, chini.

"Nilimwuliza kama yeye ni mdudu," alisema mwishowe.

"Na mimi nilicheka," alisema Ferista.

Kuelekea magharibi tabibu alitoka nje. "Mtoto amelia," alisema. "Analia kwa nguvu, anataka uji. Bibi yenu naye anauliza nani anawafukuza kuku kwenye maharage yake. Tutakaa nao siku mbili tuwaangalie moyo na mapafu. Ila niwaambie ukweli, mngechelewa hadi jioni, tungekuwa tunazungumza mambo mengine."

Yonasi alifunika uso kwa kofia yake.

Siku ya pili afisa kilimo wa kata, Bwana Yonathani, alifika nyumbani amevaa barakoa yenye vichujio na glavu ndefu. Aliwaamuru majirani wote wasogee mbali, akafungua dirisha na mlango, akavitoa vile vidonge mwenyewe. Alikataza mtu yeyote kukanyaga chumba kile mpaka aruhusu yeye. Bibi aliporudi na Anyosisye, walilala chumbani kwa Yonasi, na Yonasi akalala jikoni bila kulalamika.

Mama alikuwa amefika kutoka Tunduma usiku ule ule wa Jumamosi, na neno lake la kwanza kuhusu simu lilikuwa kwamba kundi lile lifutwe. Ferista hakubisha, na mama akaifungia simu mkobani mwake kabla hata ya kulifuta. Yeye mwenyewe alikuwa hataki hata kuigusa.

Lakini Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, gari dogo jeupe lilisimama mbele ya nyumba. Alishuka mama mmoja wa makamo aliyejitanda mtandio wa kijani, na nyuma yake mwanamume mnene mwenye kanzu, anayetembea kama mtu anayeingia msibani.

"Hodi wenyewe. Mimi ni Mwanaisha wa Tunduma. Na huyu ni Bashiri. Mama Ferista alinisimulia yote kwa simu."

Viti vililetwa uwanjani. Bashiri hakukaa. Alimwendea Bibi Ketrina akainama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyenipikia vitunguu saumu chumbani?"

"Ni mimi, Bibi. Nimekuja kuomba radhi. Wiki nzima sijapata usingizi. Ghala langu lina kuta za matofali, liko peke yake, na likifukizwa mlinzi anakaa ng'ambo ya barabara. Wallahi haikunijia kabisa kwamba mtu anaweza kulala na mahindi."

"Na sisi hatukujua kwamba kuna mtu asiyelala nayo," alisema bibi. "Kaa, mwanangu. Nimekusamehe. Chai inakuja."

Ferista alileta chai. Alipotaka kuondoka, Bi Mwanaisha alimshika mkono.

"Wewe ndiye uliyeandika lile swali?"

"Ndiyo, Mama. Ni mimi niliyetaka kuwaua."

"Keti hapa. Nataka kukuuliza jambo. Katika habari hii yote, ni nani aliyesema uongo?"

Ferista alifikiri. Alimtazama Bashiri, akamtazama mjomba, akatazama mlango wa chumba uliokuwa bado umefungwa kwa kamba.

"Sioni, Mama."

"Wala mimi sioni. Wewe ulisema una dumuzi, na kweli ulikuwa nao. Bashiri alisema vidonge vinawamaliza, na ni kweli vinawamaliza. Yule wa mnadani ana kosa lake la kuuza sumu nje ya kopo lake, na Bwana Yonathani ameshampelekea wanaohusika, lakini vidonge alivyouza vilikuwa vya kweli. Watu wote wamesema kweli, na nyumba hii ilibaki saa chache tu kuzika watu wawili. Mimi nina miaka ishirini kwenye biashara ya mazao, na jambo hili limenishtua kuliko yote."

Mama yake Ferista alikuwa amesimama na birika mkononi, amesahau kumimina.

"Kilichokosekana ni nini, basi?" aliendelea Bi Mwanaisha. "Bashiri alilijibu swali lililoulizwa. Aliyejibu hakioni chumba chako. Ana macho yale tu unayompa kwa maneno yako."

"Mimi ndiye niliyemkataza kusema," alisema Bibi Ketrina. "Tumeibiwa, mama. Nani atamwambia mtu asiyemjua kwamba ana magunia kadhaa chini ya mto wake?"

"Na hapo ulikuwa sahihi, Bibi. Idadi ya magunia haihitajiki. Jina la ukoo halihitajiki, wala mtaa. Hayo yafiche kabisa, na mtu akiyadai kwenye kundi, nitamtoa. Lakini dawa haijali una magunia mangapi ya siri. Inajali nani anavuta hewa yake." Alimgeukia Ferista. "Lilikuwa limebaki jambo gani la kusema?"

"Tunalala humo," alisema Ferista.

"Maneno mawili."

Ferista aliinamisha kichwa. "Nilikuwa nimeanza kuyaandika, Mama. Nikayafuta. Walikuwa wananicheka."

Bi Mwanaisha alikuwa na uso wa mtu aliyekuja kutoa somo akakuta na lake limemsubiri.

"Hilo sikulijua," alisema. "Kumbe swali lililotakiwa kuwaokoa lilikuwa mkononi mwako, na sisi ndio tulioliua. Bashiri, umesikia?"

"Nimesikia," alijibu Bashiri. "Na mimi nilijibu upesi kwa sababu nilitaka waone kwamba najua. Tabibu aliyewatibu aliuliza maswali mangapi kabla ya kugusa dawa?"

"Mengi," alisema Yonasi. "Aliuliza hadi matambara."

"Basi lete simu, binti yangu," alisema Bi Mwanaisha. "Dumuzi bado wamo kwenye magunia, sivyo? Tuulize upya."

Ferista alimtazama mama yake. Mama akaitoa kwenye mkoba akamkabidhi.

Safari hii aliandika taratibu, na alisoma kila sentensi kwa sauti. "Shikamooni wakulima. Mimi ni yule mgeni wa dumuzi. Mahindi yetu tuliyapukuchua mwezi wa saba, tukayaweka kwenye magunia ya kawaida bila dawa yoyote. Dumuzi wamemaliza magunia kadhaa, mengine wameanza. Mahindi ni ya kula nyumbani, si ya kuuza. Yako ndani ya nyumba, karibu na tunapolala, na kuna mtoto mdogo. Tumewahi kuweka vidonge vya kufukiza, vikatudhuru, vimeshaondolewa na mtaalamu. Tunaomba njia salama kwa hali hii. Kabla ya kutumia dawa yoyote tutamwonyesha afisa kilimo."

"Limekuwa refu," alisema Ferista. "Fanueli atacheka."

"Ngoja tuone."

Alituma. Kundi lilikaa kimya kwa dakika nyingi kuliko siku ile ya kwanza. Kisha likaja jibu la kwanza, na lilikuwa la Fanueli wa Vwawa.

"Marahaba, na karibu. Mimi nilikucheka siku ile, na tangu kiongozi alipotueleza yaliyotokea sina amani. Nina swali. Mahindi hayo yamekauka vizuri? Ukiuma punje inavunjika au inabonyea?"

Ferista aliinua uso. "Anauliza."

"Na wewe mjibu," alisema Bi Mwanaisha.

Walimjibu. Yakafuata maswali mengine, kisha ushauri, mtu huyu akimsahihisha yule, mpaka Bwana Yonathani naye akaingia na kukata shauri. Mahindi yaanikwe upya, yapepetwe, yaliyoharibika yatengwe. Yaliyo mazima yachanganywe na dawa ya unga iliyoruhusiwa kwa chakula, iliyo kwenye pakiti yake yenye maelezo, kwa kipimo atakachokuja kukisimamia mwenyewe. Na chumba cha Yonasi, chenye kufuli imara, kiwe stoo, mtu asilale humo.

"Na mimi?" aliuliza Yonasi.

"Wewe utalala chumbani kwa wageni," alisema bibi.

"Hatuna chumba cha wageni, Mama."

"Basi utajenga."

Watu walicheka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile Ferista alisikia kicheko bila kuhisi baridi mgongoni.

Kabla ya kuondoka, Bi Mwanaisha alisimama kando ya gari akamwekea mkono begani. "Kuanzia leo, mgeni yeyote akiingia kwenye kundi, atakayempokea ni wewe. Mwambie aeleze ana nini, kiko wapi, ameshajaribu nini, na nani ataguswa na jibu. Akisahau, muulize kwa upole mpaka akumbuke. Kutojua si aibu, na kuuliza si aibu. Aibu ni yetu sisi tunaojua, tukimfanya mtu afute swali lake."

Gari lilipotoweka barabarani, Ferista alirudi kizingitini na simu. Aliyejibu mwisho alikuwa ameuliza kama wagonjwa wanaendeleaje. Alianza kuandika, na Bibi Ketrina akasogeza kigoda akamchungulia begani ingawa macho yake hayakuweza kusoma herufi ndogo.

"Unawaambia nini?"

"Kwamba mmepona."

"Waeleze vizuri, wasije wakajibu vingine," alisema bibi. "Andika kwamba bibi yupo hai, anakunywa chai. Magunia usitaje."